Kibanio Chekundu

Jengo letu la Pipeline lina ghorofa saba
na jua hutufikia dakika arubaini tu,
saa sita hivi, likipenya kati yetu na jengo la pili
ambalo ukinyoosha mkono waweza kuomba chumvi.
Kwa hivyo kila kamba ina nguo, kila nguo ina kibanio,
na mimi nina mkono mwepesi.

Wa kwanza alikuwa Makokha, msimamizi,
mtu wa funguo thelathini na tabasamu moja kwa mwezi.
Nilimbania pindo la koti Jumatatu asubuhi.
Akapanda, akashuka, akakagua mita za stima,
akamfokea fundi wa bomba kwa sauti ya kijeshi,
kibanio kikicheza nyuma yake kama mkia wa mbuzi.
Watoto wa ngazini walimfuata, viganja midomoni.
Jioni akakiona. Akakigeuzageuza kwenye mwanga.
"Nani?" akauliza ukuta.
Ukuta ulikuwa na watu saba nyuma yake. Ukacheka.

Jumatano nikaenda kiwandani,
nikapanga biskuti kwenye maboksi kwa saa nane
ndipo Nafuna akaniuliza kwa upole,
"Dada, mbona leo umejianika?"

Makokha!

Hapakuwa na kikao wala katiba.
Kibanio ni kimoja, chekundu, meno yamelegea,
hakiumi, hakitoboi, hakiachi doa.
Ukikipata ni chako mpaka umpe mwingine.
Kimeenda kanisani kwenye kilemba cha Mama Kerubo
kikapokea baraka pamoja naye.
Kimeenda posa Machakos mgongoni mwa mjomba,
wazee wakacheka hadi wakasahau mbuzi mmoja
na mpaka leo hajadaiwa.

Lakini nisijifanye malaika.
Kabla ya kibanio kulikuwa na karatasi.
Tarehe sita, kwa mwandiko wa kuiga:
KODI HAIJAINGIA. MLANGO UTAFUNGWA LEO.
Nikaibandika kwa Syombua, chumba ishirini na tatu,
nikajificha nyuma ya tangi
na kicheko changu nimekiweka akiba.

Alisoma mara moja. Hakupiga kelele.
Aliingia, akatoka na godoro.
Akaingia, akatoka na sufuria, moja ndani ya nyingine.
Akaingia, akatoka na mtoto amelala begani,
akaanza kushuka.

Nilimfikia ghorofa ya pili. Nikasema ni mzaha.
Akaniangalia kama anayeisoma karatasi ile upya.
Godoro nililirudisha mimi. Zile ngazi sikuzihesabu,
magoti yangu ndiyo yanayozikumbuka.
Bibi yangu angesema mzaha umetunga usaha,
na usaha haupakwi rangi ukaitwa utani.
Hakunisalimu mwezi ule, wala uliofuata.

Tangu hapo nikimwendea mtu kwa kunyata
kwanza naangalia ameshika nini.
Ameshika chai ya moto, napita.
Ameshika simu kwa mikono miwili, napita.
Kodi, kazi, mgonjwa, mimba:
hizo si kamba za kuanikia kicheko.
Na mwisho wake lazima niwepo,
wa kwanza kusema ni mimi,
wa kwanza kuchekwa.

Jumapili iliyopita maji yalikuja usiku wa manane.
Foleni ya mitungi ikafika langoni.
Syombua alikuwa mbele yangu. Akasogeza mtungi wake,
akanipisha, bila neno.
Kisha akanipangusa bega. "Vumbi," akasema.
Neno moja, baada ya miezi mitano.
Nikapanda na lita arubaini, mikono yote imejaa,
nikiwaza lile vumbi limetoka wapi, usiku, kwenye matope.

Nilipovua sweta, kilikuwa kwenye ukosi:
chekundu, meno yamelegea.
Nikaketi juu ya mtungi nikakishika.
Huko chini mtu akaanza kucheka,
kicheko kinene, cha kifuani, kisichokuwa na haraka.
Nawajua wote wa jengo hili kwa vicheko vyao.
Hicho nilikuwa sikijui.